Umekwama kwenye Dungeons & Dragons? Anzia kwenye dalili

Dungeons & Dragons, mchezo wa mezani wa kusimulia hadithi kwa pamoja na kuigiza wahusika kwa msaada wa dadu, ilitoka Marekani mwaka 1974, kazi ya Gary Gygax na Dave Arneson, na tangu hapo haijaacha kuchezwa. Umri huo ndio unaomtesa mgeni. Anayejiunga leo anakuta kanuni zilizoandikwa upya mara kadhaa, wachezaji waliojifunza katika nyakati tofauti, na mara nyingi hadithi iliyokwenda miaka kabla hajafika. Akikwama, haraka anajiambia kwamba mchezo huu si wake. Sikubaliani naye hata kidogo. Malalamiko ya wageni ni yale yale, na mengi yanatokana na jambo dogo ambalo hakuna aliyekumbuka kumwambia.

Tafuta dalili inayofanana na yako. Vyanzo vimepangwa kuanzia kinachotokea mara nyingi hadi kile cha nadra, kwa hiyo usiruke ukaguzi wa mwanzo hata kama unauona wa kitoto. Nikisema "mwendeshaji", namaanisha yule anayesimulia ulimwengu wa mchezo, anayeigiza mazimwi na kukata shauri la kanuni. "Fani" ni kazi ya mhusika: mpiganaji, mchawi, kasisi na wengine.

Dalili: nilichosoma sicho kinachochezwa

Umesoma kitabu, umekielewa, umefika mezani, na kila unachosema kinasahihishwa.

Chanzo kinachoongoza, tena kwa mbali, ni toleo. Usitazame jalada, fungua ukurasa wenye mwaka wa kuchapishwa. Mchezo wa asili ni wa 1974. Vitabu vitatu vya msingi vya Advanced Dungeons & Dragons, yaani toleo la kwanza la Advanced, vilitoka kati ya 1977 na 1979, toleo la pili likaja 1989, la tatu 2000 na kurekebishwa 2003, la nne 2008, la tano 2014. Mwaka 2024 kanuni za toleo la tano zikaandikwa upya. Ndiyo maana mwendeshaji anapaswa kuulizwa mwaka, si namba: "Tunacheza kanuni za mwaka gani?" Ukiuliza namba, wa 2014 na wa 2024 wote wanaweza kukujibu "la tano", nawe ukaondoka na tatizo lako vile vile.

Kama hakuna wa kuulizwa, karatasi ya mhusika itakuambia mengi. Ukikuta herufi THAC0 (namba ya dadu inayohitajika kumpiga mwenye kinga 0), umeshika karatasi ya zamani, yaelekea ya toleo la pili. Itazame pia namba ya kinga, ile inayoandikwa AC. Kabla ya 2000, namba hiyo ilikuwa bora kadiri inavyoshuka: katika Advanced, asiye na deraya alikuwa na 10, na aliyevaa deraya ya bamba na kushika ngao alikuwa na 2. Kuanzia 2000 mambo yakageuzwa, kinga ikawa inapanda. Katika toleo la tano deraya kamili ya bamba inampa mvaaji 18 hata kabla ya ngao. Mgeni aliyerithi kitabu cha zamani akaja nacho kwenye meza ya sasa atadhani watu wamerukwa na akili, kumbe kila upande unafuata kitabu chake.

Kati ya 2014 na 2024 tofauti ni za chini kwa chini, na ndizo zinazozua mabishano mengi. Kunywa dawa ya kuponya kulikuwa tendo zima. Sasa ni tendo la ziada. Aliyeshtukizwa vitani alipoteza zamu yake ya kwanza. Sasa anarusha dadu ya kupanga zamu katika hali mbaya, yaani dadu mbili na kuchukua ndogo. Mwaka 2014 fani nyingine zilichagua tawi lao (utaalamu ndani ya fani) katika levo, yaani daraja la mhusika, ya 1, nyingine ya 2, nyingine ya 3. Mwaka 2024 zote huchagua levo ya 3. Jambo likitofautiana na ulivyosoma, shuku hapa kwanza.

Kama mwaka ni ule ule na bado hamuelewani, chanzo cha pili ni kanuni za meza: mabadiliko ambayo kikundi kimejiwekea na kuyazoea hadi kikasahau kwamba hayamo kitabuni. Omba yaandikwe. Mara nyingi kazi hiyo ya kuandika inawafanya wenyeji wagundue kwamba hata wao hawakuwa wakikubaliana. Cha tatu ni muhtasari uliopata mtandaoni uliochanganya matoleo. Cha mwisho ni mwendeshaji kukosea, jambo linalotokea kwa kila mwendeshaji. Hapo usibishane katikati ya pambano. Kubali uamuzi wa muda, mchezo uendelee, kisha mfungue kitabu kikao kikiisha.

SIMAMA HAPA: usinunue kitabu chochote kabla ya kupata jibu la mwaka. Kanuni za msingi zinapatikana bure na kihalali. Hati ya marejeo namba 5.1, inayofuata kanuni za 2014, iliwekwa chini ya leseni ya Creative Commons Januari 2023, na namba 5.2, inayofuata kanuni za 2024, ikafuata 2025. Hizo zinatosha kwa miezi mingi ya kucheza.

Dalili: zamu yangu ikifika, naganda

Watu wote wanakutazama, karatasi ina visanduku kama hamsini, nawe hujui ushike kipi.

Mara nyingi chanzo ni kwamba unalitafuta jibu kwenye karatasi. Iweke chini. Sema kwa maneno ya kawaida unachotaka kitokee: "Nataka kupinduka juu ya meza nimzibie njia asiufikie mlango." Hiyo ni zamu kamili, tena nzuri. Kuigeuza kuwa dadu na namba ni kazi ya mwendeshaji, naye akiwa wa maana atafurahi kuifanya. Ushauri huu peke yake huwafungua wageni wengi kuliko mwongozo wowote wa mbinu za vita.

Ikiwa bado, huenda hujaonyeshwa zamu imeundwa na nini. Katika toleo la tano una mwendo, una tendo moja, na una mwitikio mmoja unaoweza kuutumia hata kwenye zamu ya mwingine. Tendo la ziada lipo tu pale uwezo, tamko fulani la kichawi au kanuni fulani, kama ile ya dawa ya kuponya ya 2024, inapokupa. Wageni wengi hupekua karatasi wakilitafuta kwa kuamini ni haki yao kila zamu. Kama huna, huna, maliza zamu.

Chanzo cha tatu ni fani nzito. Mchawi wa levo ya 1 anaanza na matamko sita kitabuni, matatu madogo asiyoyahesabia, na nafasi mbili tu za kutumia yale makubwa. Juu ya hapo, matamko mengine yanataka umakini: huwezi kushikilia mawili ya aina hiyo kwa wakati mmoja, na ukiumizwa unarusha dadu usije ukalipoteza ulilolishika. Hayo yote kwa mtu ambaye jana alikuwa hajui dadu ya pande 20! Mpiganaji ana mambo machache ya kukumbuka na bado ni muhimu kikundini. Kubadili fani baada ya vikao viwili vitatu ni ombi la kawaida kabisa. Liseme mapema, kabla hadithi haijamzoea mhusika wako.

Kuna pia anayeanza kufikiri zamu ikishafika. Dawa yake ni kikaratasi chenye mistari mitatu: ninapigaje, ninajilindaje, ninamsaidiaje mwenzangu. Kichungulie wakati aliyekutangulia anacheza.

Jambo moja la kuangalia kwa makini. Akitokea mwenyeji anayekuamulia kila zamu, hata kwa nia njema, mwambie mwendeshaji faraghani. Mgeni anayechezewa hajifunzi, na baada ya muda atanyamaza kabisa.

Dalili: hesabu zangu hazitoki

Karibu kila mara umechanganya alama ya uwezo na nyongeza yake. Nguvu 16 haikupi 16 za kujumlisha. Toa 10, gawanya kwa 2, nusu ikibaki shuka chini: 16 inakupa +3, na 9 inakupa -1. Mpiganaji wa levo ya 1 mwenye Nguvu 16 anajumlisha +3 na nyongeza ya umahiri (ile ya kufanya alichofunzwa) +2, jumla +5. Mbele ya adui mwenye kinga 15 anahitaji dadu isome 10 au zaidi, yaani nafasi ya asilimia 55. Akipewa kurusha dadu mbili na kuchukua kubwa, nafasi hiyo inapanda hadi karibu asilimia 80. Ndiyo maana wenyeji wanahangaika sana kutafuta mahali pazuri pa kusimama.

Mengine ni madogo. Ukipata 20 kavu, yaani dadu yenyewe ikisoma 20, kwenye shambulio, dadu za madhara ndizo zinazoongezwa maradufu, nyongeza haiguswi. Nje ya shambulio, 20 kavu haikupi ushindi wa moja kwa moja kwa mujibu wa kitabu, ingawa meza nyingi zimejiwekea hivyo. Na ikague dadu yenyewe: ya pande 10 na ya pande 8 zinafanana zikiwa mkononi.

Dalili: kikundi kimecheza miaka mingi, sielewi lolote

Wanataja mfalme aliyekufa, deni la joka, daraja lililoungua, kisha wote wanacheka. Wewe unatabasamu tu.

Hili ndilo linalowaondoa wageni wengi kuliko kanuni zote kwa pamoja, na ndilo linalopuuzwa zaidi, kwa sababu wenyeji hawalioni. Kwao historia hiyo ni hewa wanayovuta.

Anza na chanzo chepesi: hakuna aliyekupa muhtasari. Usiombe uelezwe yote, utapewa saa tatu za majina na utasahau mawili matatu ya kwanza kabla ya la mwisho. Uliza maswali matatu. Sasa hivi tunatafuta nini? Nani anatuwinda? Kitu gani kikundi hiki hakitakubali kamwe kukifanya? Majibu yake yanatosha kwa kikao cha kwanza, na hilo la tatu litakuokoa na aibu siku moja.

Chanzo cha pili ni mhusika asiye na uhusiano na yeyote. Mgeni huandika kurasa za maisha ya shujaa wake, alikozaliwa, aliowapoteza, kisha shujaa huyo anaingia hadithi isiyomjua wala kumhitaji. Fanya kinyume. Kabla hujaandika mstari, mwendee mchezaji mmoja umuulize mhusika wake ana ndugu, mwanafunzi, mdai au mtu aliyewahi kumtelekeza. Kisha uwe huyo. Kwa sentensi moja umepata sababu ya kuwapo, mtu wa kuongea naye, na siri ya kufichua baadaye. Njia nyingine inayofanya kazi vizuri ni kuigiza mtu ambaye kweli hajui: mfungwa aliyetolewa juzi, msafiri aliyetoka mbali. Hapo kila swali lako ni swali la mhusika, na wenyeji wanapata nafasi ya kusimulia walichofanya. Wataipenda nafasi hiyo, amini.

Chanzo cha tatu ni levo. Baadhi ya meza za zamani zinashikilia kwamba kila anayeingia aanzie levo ya 1. Katika matoleo ya mwanzo desturi hiyo ilikuwa na mantiki yake: pointi za kupanda levo zilikaribia kuongezeka maradufu kila hatua, kwa hiyo wa chini akigawiwa sawa na wenzake aliwakaribia haraka. Leo hali ni ya hatari zaidi kwake. Chukua mchawi wa levo ya 1 mwenye pointi 8 za uhai, katikati ya wenzake wa levo ya 8. Adui akirusha mpira wa moto, madhara ni dadu 8 za pande 6, wastani 28. Akishindwa kuukwepa, pointi 8 zinamalizika na 20 zinabaki. Kwa kuwa ziada hiyo inazidi uhai wake wote akiwa mzima, anakufa papo hapo bila hata kupewa nafasi ya kujiokoa. Akifaulu kuukwepa anapata nusu, 14, na bado anaanguka. Omba kuanza levo ya wenzako. Halafu, kwa kuwa mhusika wa levo ya 8 ana uwezo mwingi kuliko unavyoweza kuumeza kwa jioni moja, omba pambano dogo la mazoezi ninyi wawili na mwendeshaji, lisilohesabika katika hadithi.

Yote haya yakishindikana, dawa ya ndani zaidi ni kumwomba mwendeshaji tawi jipya la hadithi: safari fupi, mahali ambapo hakuna hata mwenyeji mmoja aliyewahi kufika. Humo wote ni wageni. Mwendeshaji mwenye kikundi cha miaka mingi mara nyingi naye ana hamu ya mahali papya, ila hajapata sababu.

Wakikataa muhtasari, uhusiano na levo, hapo hakuna cha kurekebisha upande wako. Kikundi hicho hakikuwa tayari kupokea mtu. Tafuta meza inayoanza hadithi mpya.

Dalili: naona haya kuongea kama mhusika

Huhitaji sauti ya pekee. "Mhusika wangu anamwambia mlinzi kwamba tumepotea njia, anajaribu kumtia huruma" ni uigizaji halali, na wapo waliocheza hivyo maisha yao yote. Kama haya inatokana na kuchekwa, nenda moja kwa moja kwenye dalili ya mwisho.

Dalili: mhusika wangu hufa kila mara

Kwanza hakikisha kweli amekufa. Katika toleo la tano, kufika sifuri ni kuzimia. Kila zamu yako inapoanza unarusha dadu ya pande 20 bila nyongeza: 10 au zaidi ni kufaulu, chini ya hapo ni kufeli. Kufaulu mara tatu kunakutuliza, kufeli mara tatu kunakuua. Ukirusha 1 umefeli mara mbili. Ukirusha 20 unaamka na pointi 1 ya uhai. Nimeona wageni wakikunja karatasi zao mara tu wanapofika sifuri, na hakuna aliyewazuia.

Kisha kagua namba ya kinga na pointi za uhai. Wengi husahau kujumlisha nyongeza ya Ustahimilivu katika kila levo, au ngao. Kama namba ni sahihi, tazama mnavyopigana: je, kuna aliyewahi kupendekeza kukimbia? Si kila zimwi limewekwa hapo lipigwe, na hakuna kanuni inayokukataza kurudi nyuma.

Mwisho, uliza mwendeshaji anaendesha mchezo wa namna gani. Baadhi wanapenda hatari ya kweli, na michezo mingine mikongwe ya meza imejengwa juu yake: katika Traveller ya 1977 mhusika aliweza kufa hata kabla ya mchezo kuanza, wakati bado unamtengeneza. Kama hupendi vifo vya mara kwa mara, hiyo ni sababu tosha ya kuchagua meza nyingine.

Dalili: natoka mezani nimeumia

Hapa sipangi vyanzo kwa wingi. Napanga kwa uzito, kuanzia chepesi.

Wahusika wenu wanagombana na moyo wako unauma. Mfuate mchezaji mwenzako baada ya kikao, mwulize kama ugomvi ni wa wahusika tu. Mara nyingi ni hivyo, naye hakujua umekuumiza.

Hadithi imegusa jambo usilotaka kulisikia mezani: mateso, ubakaji, kifo cha mtoto. Dawa iko kabla ya mchezo, katika kikao cha maandalizi ambapo kila mtu anataja kisichoingia kabisa na kinachoweza kutajwa bila kuelezwa kwa undani. Kama kampeni, yaani hadithi ndefu mnayoicheza, ilianza kabla yako, una haki ya kuomba mazungumzo hayo yarudiwe. Meza nyingi huweka pia kadi yenye alama ya X. Anayeigusa, tukio linarukwa bila kuulizwa sababu. Pasipo na kadi, neno "naomba turuke hapa" linatosha.

ACHA KUCHEZA, ONDOKA MEZANI ikiwa ombi hilo limechekwa au kupuuzwa. Ikiwa mtu anatumia mhusika wake kukutongoza au kukudhalilisha wewe mwenyewe. Ikiwa unadaiwa pesa ambazo hazikutajwa mwanzoni. Au ikiwa unatishwa. Vitisho na kuguswa bila ridhaa si mambo ya mwendeshaji kusuluhisha. Mwambie mtu unayemwamini na upeleke taarifa polisi.

Na ikiwa kilichoamshwa na mchezo kinakufuata nyumbani, usingizi umepotea au kumbukumbu za zamani zinarudi, mwendeshaji hana ujuzi wa kukutibu hata akikupenda vipi. Muone mshauri nasaha au mwanasaikolojia, na uache kampeni hiyo ipumzike hadi mtakapokubaliana naye kuirudia.

Kuondoka hakuhitaji maelezo marefu. Ujumbe kwa mwendeshaji unatosha: "Nashukuru kwa kunipokea. Sitaendelea na kampeni hii. Mhusika wangu mtoeni kwenye hadithi mnavyoona inafaa." Kama una chini ya miaka 18, mzazi au mlezi aujue ujumbe huo na sababu yake kabla hujautuma.